Soja akiingia sebuleni: kwa nini jeshi likishika serikali, kuirudisha huwa kazi

Wadau, haya ni maneno niliyosema Jumamosi mbele ya kikundi chetu cha mjadala pale chuoni. Wengi mliokosa mliomba niyaweke hapa, basi nimeyaweka karibu vile yalivyotoka kinywani. Kanuni ya hapa mnaijua: nchi tunataja, vyeo tunataja, majina ya wanasiasa na vyama hatutaji. Ukitaka kujua ni nani, tarehe nimekupa, kajisomee.



Kuna sentensi moja ambayo kila mtu hapa ameshaisoma mtandaoni. Bunge likipitisha kitu kibaya, inakuja. Bei ya unga ikipanda, inakuja. Inasema hivi: "Jeshi liingie miaka miwili tu, lisafishe, liitishe uchaguzi, kisha lirudi kambini."

Sitamcheka anayeiandika. Ni mtu amechoka, na uchovu wake una sababu. Lakini angalieni vile tunavyobishana naye. Tunabishana kama jeshi linafaa kuingia. Tunabishana kama litasafisha au litachafua zaidi. Ile sehemu ya mwisho, "kisha lirudi kambini," huwa tunaipita mbio, kana kwamba kurudi kambini ni kama kushuka matatu: umekaribia steji yako, unagonga, inasimama, unashuka.

Leo nataka tukae hapo pekee. Kwa nini kushuka kunakuwa kugumu hivyo?

Wacha nianze na soja wa geti. Usiku mmoja wezi wanaingia ploti, na soja, kwa sababu ndiye mwenye rungu, anaingia mpaka sebuleni kwako kuwafukuza. Umeshukuru. Asubuhi bado yuko sebuleni, anasema anangoja hali itulie. Wiki ya pili amebadilisha kufuli. Mwezi wa tatu unagundua kuna vyumba viwili ambavyo kodi yake anakusanya yeye. Halafu kuna mpangaji aliyepigwa vibaya usiku ule, na familia yake imeanza kuuliza maswali. Tena soja amemleta mwenzake amsaidie, naye ana rungu lake. Sasa jaribu kumwambia atoke. Hatakataa waziwazi. Atataka kujua: nikitoka, nitashtakiwa kwa yule niliyempiga? Ile kodi itakuwa ya nani? Na huyu mwenzangu mwenye rungu la pili, nikiweka langu chini, yeye ataweka lake?

Mfano una mipaka yake, nchi si ploti. Lakini hayo maswali, la damu, la pesa na la bunduki ya pili, ndiyo nitakayoyafuata. Na nitayafuata katika nchi moja, kwa sababu nikiruka nchi kumi tutatoka hapa na majina ya miji tu.

Nimechagua Sudan. Ni jirani wa jirani yetu, na imepitia jambo hili mara nyingi kuliko nchi yoyote inavyostahili. Ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956. Novemba 1958 jeshi likachukua serikali, na waziri mkuu wa wakati ule, mwenyewe afisa wa zamani wa jeshi, alikuwa na mkono katika kuwafungulia majenerali mlango, maana serikali yake ya muungano ilikuwa inamponyoka. Shikeni hilo, tutalirudia. Oktoba 1964 wananchi wakagoma, jeshi likaondoka. Mei 1969 likarudi. Aprili 1985 wananchi wakagoma tena, likaondoka. Juni 1989 likarudi, na safari hiyo mtu mmoja akakaa miaka 30, hadi Aprili 2019.

Kwa hivyo mtu asiwaambie ati Wasudani wamezoea udikteta. Wameangusha watawala wa kijeshi mara tatu, kwa miguu na kwa migomo. Kuangusha wanajua. Kilichowashinda ni mwezi unaofuata na mwaka unaofuata.

Hebu tuanze na ile mara iliyoonekana kufaulu. Aprili 1985 rais alikuwa safarini ng'ambo wakati madaktari, mawakili, wahandisi na wafanyakazi wa benki walipogoma. Tarehe 6 jeshi likamwondoa kabla hajafika nyumbani, naye akabaki Misri kwa miaka 14. Likaundwa baraza la kijeshi la mpito chini ya jenerali aliyekuwa waziri wa ulinzi. Jenerali akaahidi mwaka mmoja. Sasa, hilo la mwaka mmoja huahidiwa na kila jenerali. Huyu alitimiza. Aprili 1986 uchaguzi ukafanywa, akakabidhi serikali, akaondoka.

Watu humsifu kwa tabia yake, na sina shida na hilo. Lakini tumuulize maswali ya soja. Kuhusu damu, yule ambaye angeulizwa zaidi alikuwa tayari Misri, na waliobaki waliweza kumtupia lawama zote. Kuhusu pesa, jeshi lilikuwa na biashara zake, ila hazikuwa kitu ukilinganisha na zilizokuja baadaye. Afisa akistaafu alikuwa anarudi kwa pensheni, sio kwa mgodi. Kuhusu bunduki, idara ya usalama wa taifa ya rais aliyeondolewa ilivunjwa mapema, na Khartoum kulikuwa na jeshi moja, lenye amiri mmoja. Kwa huyu jenerali kutoka hakukuwa na gharama kubwa. Akatoka.

Kuna kitu aliacha mezani lakini. Vita vya kusini vilikuwa vimeanza upya 1983, na sheria zilizotangazwa Septemba mwaka huo, zilizowalazimisha watu wote kufuata adhabu za sharia, zilikuwa zimevichochea. Baraza la kijeshi halikuzifuta, likawaachia raia. Na serikali ya kiraia ikirithi vita, jeshi halijaenda popote. Bajeti inapita kwake, taarifa za redio zinapita kwake, kila kijana anayezikwa ni hoja yake. Mwaka 1989 serikali ilipokuwa inakaribia kusitisha zile sheria ili ipate amani na waasi, kikundi cha maafisa kikapindua usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni. Mwaka mmoja wa mpito, miaka mitatu ya demokrasia, kisha 30 ya kulipia.

Sasa tuje 2019, maana yaliyotokea kati ya 2019 na 2023 yanatuonyesha vile gharama ya kutoka ilikuwa imepanda.

Maandamano yalianza Desemba 2018, bei ya mkate ikiwa juu. Tarehe 6 Aprili 2019, siku ile ile ya kumbukumbu ya 1985, watu wakafika makao makuu ya jeshi Khartoum wakakaa hapo chini. Tarehe 11 majenerali wakamwondoa mkubwa wao. Watu hawakurudi nyumbani. Walijua historia yao, wakasema sawa, mmemtoa yeye, na nyinyi je?

Jibu lilikuja tarehe 3 Juni, siku za mwisho za Ramadhani, alfajiri. Vikosi viliingia pale walipokaa watu vikafyatua risasi. Kamati ya madaktari ilihesabu waliouawa zaidi ya 100. Miili mingine iliopolewa Mto Nile. Intaneti ikazimwa kwa zaidi ya mwezi. Na bado tarehe 30 Juni watu walijaa barabarani, wakiitana kwa karatasi na kwa kugonga milango, kwa sababu simu hazikuwa na mtandao.

Hapo ndipo makubaliano yakazaliwa, tarehe 17 Agosti 2019. Kipindi cha mpito cha miezi 39. Baraza la kuongoza nchi la watu 11: wanajeshi watano, raia watano, na mmoja wa kukubaliwa na pande zote. Kiti cha mwenyekiti kitashikwa na mwanajeshi kwa miezi 21 ya kwanza, kisha raia kwa miezi 18. Waziri mkuu awe raia. Ukiisoma karatasi ile unaona usawa. Mimi nikiisoma naona foleni, na jeshi limewekwa mbele.

Fikiria ile miezi 21. Kila siku inayopita, jenerali aliye kwenye kiti anajua tarehe ya kushuka inasogea. Na anajua kinachomngoja akishuka.

Kinachomngoja cha kwanza ni Juni 3. Kamati ya uchunguzi iliundwa Oktoba 2019. Hadi serikali ya kiraia inaangushwa, ripoti haikuwa imetoka. Cha pili ni Darfur, vita vilivyoanza 2003, ambavyo Umoja wa Mataifa ulikadiria viliua watu 300,000. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilitoa hati ya kumkamata rais wa zamani Machi 2009, na nyingine ya mauaji ya kimbari Julai 2010. Sisi Wakenya hiyo mahakama tunaijua, hatuhitaji kuelezwa vile jina lake linaweza kubadilisha hesabu za wakubwa. Agosti 2021 baraza la mawaziri la kiraia likaamua watuhumiwa wapelekwe The Hague. Lakini uamuzi huo ulihitaji kukubaliwa pia na lile baraza la watu 11, wanajeshi wakiwemo. Yaani majenerali wenye historia ndefu Darfur waliombwa waidhinishe kesi ya Darfur. Aliyepelekwa anaweza kuulizwa mahakamani: na wewe ulipokea amri kwa nani, na uliyempa amri ni nani?

Kulikuwa na njia moja ya kisheria ya kuwagusa. Ile hati ya katiba iliwapa wanabaraza kinga, na kinga hiyo ingeweza kuondolewa na bunge la mpito. Bunge hilo halikuundwa kamwe. Na hapa lazima niseme ukweli hata kama hautupendezi sisi tunaopenda raia: lilikwama kwa sababu nyingi, na mojawapo ni vyama vya kiraia kugombania viti. Miaka miwili nzima. Chombo pekee cha kumwajibisha soja, wapangaji wakashindwa kukubaliana nani akalie kiti gani.

Sasa pesa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwenye mijadala yetu tunazungumzia jeshi kama watu wa bunduki peke yake, tunasahau ni watu wa biashara.

Sudan ilipoteza karibu robo tatu ya mafuta yake Julai 2011, Sudan Kusini ilipojitenga. Dhahabu ikachukua nafasi. Na katika ile miaka 30 jeshi na vyombo vya usalama walikuwa wamejenga kampuni za kila aina: dhahabu, silaha, nyama ya kuuza nje, unga, ufuta, ujenzi. Kampuni nyingi hazikulipa kodi, na hesabu zake hazikukaguliwa na mtu yeyote raia. Mwaka 2020 waziri mkuu alisema hadharani kwamba asilimia kama 80 ya rasilimali za umma ziko nje ya udhibiti wa wizara ya fedha.

Rudia hiyo namba kichwani. Wewe ni waziri wa fedha. Umeapishwa, umepewa gari na ofisi, nchi nzima inakutazama, na kabatini kuna shilingi 20 katika kila 100.

Na mahitaji yako yanahesabiwa kwa 100. Wakopeshaji wa nje wanasema tutakupunguzia madeni, lakini ondoa ruzuku. Juni 2021 serikali ya kiraia ikaondoa ruzuku ya mafuta. Mwezi uliofuata mfumuko wa bei kwa mwaka ulikuwa zaidi ya asilimia 400. Mama anayepanga foleni ya mkate Omdurman haioni kampuni ya jeshi isiyolipa kodi. Anamwona waziri raia kwenye runinga akieleza bei mpya. Kwa hivyo raia anabeba lawama, jeshi linabaki na pesa, na baada ya muda utasikia, hata kutoka kwa watu wema kabisa: afadhali wale wa zamani.

Tena kuna deni moja ambalo linatugusa sisi moja kwa moja. Mnajua tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolipua ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, na lile la Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Kiongozi wa al-Qaeda alikuwa ameishi Sudan kuanzia 1991 hadi 1996, chini ya ule utawala wa kijeshi, na mahakama za Marekani ziliamua kwamba Sudan ilisaidia kundi hilo. Nchi ilikuwa kwenye orodha ya Marekani ya wafadhili wa ugaidi tangu 1993, na ukiwa kwenye orodha hiyo hupati mikopo wala nafuu ya madeni. Nani alilipa ili nchi itoke? Serikali ya kiraia. Mwaka 2020 ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa waathiriwa wa Marekani na familia zao, na Desemba ikatolewa kwenye orodha. Majenerali walikaribisha mgeni, na raia, bila mkate wa kutosha, wakalipa bili. (Nani miongoni mwa waathiriwa wa hapa kwetu alipata nini ni hadithi nyingine, na mnajua machungu yake.)

Waziri mkuu alipoanza kusema waziwazi kwamba jeshi kumiliki kampuni za kibiashara hakukubaliki, na kamati maalum ilipokuwa inataifisha mashamba, hoteli na kampuni za watu wa utawala ule wa zamani, ilikuwa imefika mahali pa yule soja kuulizwa kuhusu kodi.

Na bado sijafika kwa rungu la pili.

Rais yule wa miaka 30 aliingia kwa kupindua, kwa hivyo aliogopa kupinduliwa. Watawala wengi wa kijeshi hufanya alichofanya: unaunda kikosi kingine kilinde dhidi ya kikosi cha kwanza. Mwaka 2013 wanamgambo waliopigana Darfur wakapangwa upya wakaitwa RSF. Mwaka 2017 wakapewa sheria yao, chini ya rais mwenyewe. Wakapata dhahabu ya Jebel Amer. Wakatuma wapiganaji Yemen kwa malipo. Kufikia 2019 hiyo haikuwa kampuni ya ulinzi, ilikuwa jeshi kamili lenye mshahara wake, na kamanda wake akakaa kwenye lile baraza kama naibu mwenyekiti.

Linganisheni na 1985. Wakati ule swali lilikuwa: jeshi litarudi kambini? Mwaka 2019 swali likawa: jeshi gani, kambi ipi, na nani ataingia kwanza? Jenerali wa kwanza akisema anaachia, anamwachia nani mwenzake mwenye maelfu ya wapiganaji ndani ya mji mkuu? Hata angekuwa malaika, angeogopa. Na hakuwa malaika.

Mwisho wake mnaujua. Raia walikuwa wanahesabu Novemba 2021 kiti kihamie kwao. Septemba kukawa na jaribio la mapinduzi. Bandari ya Port Sudan ikafungwa na waandamanaji wa mashariki kwa wiki kadhaa, bidhaa zikaadimika. Oktoba 16 watu wakakusanyika mbele ya ikulu, wakakaa chini, wakiomba jeshi lichukue serikali. Nawaomba mliandike hilo, kwa sababu ni ile sentensi yetu ya mtandaoni, imetembea kwa miguu mpaka ikulu. Kama 1958, mlango ulifunguliwa pia kutoka ndani. Tarehe 25 Oktoba jenerali akatangaza hali ya hatari, akavunja serikali, waziri mkuu akakamatwa. Tarehe 21 Novemba akarudishwa kwa makubaliano ambayo vijana wa mitaani waliyakataa. Tarehe 2 Januari 2022 akajiuzulu.

Wale majenerali wawili sasa wakabaki peke yao sebuleni. Desemba 5, 2022 wakasaini mkataba mwingine wa kurudisha utawala kwa raia. Kilichobaki ni jambo moja dogo: RSF iunganishwe na jeshi kwa muda gani? Jeshi likasema miaka miwili. RSF ikasema 10. Tarehe 15 Aprili 2023, tena ndani ya Ramadhani, wakaanza kupigana mjini Khartoum. Zaidi ya watu milioni 12 wamelazimika kuhama makwao tangu siku ile. Wengine wako hapa Nairobi, mmekaa nao darasani.

Najua mtu atasema: Sudan ni Sudan, mbona kwingine walitoka? Walitoka, ndiyo. Angalieni tu walitoka vipi. Chile wananchi walipiga kura ya kumkataa jenerali Oktoba 1988, kwa karibu asilimia 56. Akaachia urais Machi 1990, lakini akabaki mkuu wa jeshi la nchi kavu hadi 1998, kisha akaingia seneti bila kupigiwa kura. Sheria iliyolipa jeshi asilimia 10 ya mauzo ya shaba ya kampuni ya taifa ilifutwa 2019. Hesabu miaka: 29 baada ya kukabidhi. Myanmar majenerali waliandika katiba ya 2008 wakajipa robo ya viti bungeni, na kubadilisha katiba kukahitaji zaidi ya asilimia 75. Hesabu ni rahisi, hakuna mabadiliko bila wao. Na hata hiyo haikuwatosha. Waliposhindwa vibaya katika uchaguzi wa 2020, wakapindua tarehe 1 Februari 2021.

Nigeria ndiyo inanivutia zaidi. Juni 12, 1993 jeshi liliitisha uchaguzi, likaona matokeo, likaufuta. Miaka mitano ikapita. Juni 1998 mtawala akafa madarakani, na jenerali aliyemfuata akakabidhi tarehe 29 Mei 1999, chini ya mwaka mmoja. Aliyepokea alikuwa jenerali mstaafu, mtu ambaye wenye bunduki hawakumwogopa. Ni jambo la kuudhi kwa aliyepigania demokrasia. Lakini huyo huyo, wiki chache baada ya kuapishwa, aliwastaafisha maafisa waliowahi kushika vyeo vya kisiasa chini ya jeshi. Kwa kuwa alikuwa mmoja wao, aliwajua kwa majina na alijua nani ameonja.

Baada ya haya maneno kulikuwa na maswali. Naweka mawili.

Dada mmoja aliuliza: kama woga wa kesi ndio unawazuia kutoka, tuwasamehe tu watoke? Nilimjibu kwamba hilo ndilo swali gumu kuliko yote na walimu wangu wenyewe hawakubaliani. Maoni yangu ni haya. Kuwapa kinga ya milele ni kumwambia soja wa kesho kwamba bei ya kupiga mpangaji ni sifuri. Kuwatangazia kesi wakiwa bado wameshika bunduki zote ni kuwaambia wasitoke. Chile walingoja. Jenerali wao alikamatwa London Oktoba 1998 akiwa hana tena jeshi, na baada ya hapo mahakama za Chile zenyewe zikawahukumu mamia ya waliokuwa maafisa na mawakala wake. Haki ilichelewa, wengine walikufa kabla ya kuiona, na siwezi kumwambia mama aliyepoteza mtoto kwamba hiyo ni sawa. Ningeanza na pesa: hesabu za kampuni za jeshi zifunguliwe kwanza, kwa sababu jenerali asiye na mgodi ana sababu chache za kukaa. Na singekubali kamwe jeshi litangulie kwenye kiti.

Mwingine, kijana wa mwaka wa kwanza, akauliza: sisi Kenya tuna haja gani na haya, jeshi letu halijawahi kutawala? Ni kweli. Agosti 1, 1982 wanajeshi wa angani walijaribu, ikaisha siku hiyo hiyo. Na kifungu cha 241 cha Katiba kinasema lini na kwa idhini ya nani jeshi linaweza kutumwa ndani ya nchi. Juni 2024 lilitumwa kusaidia polisi, na nikaona mtandaoni watu wakilishangilia. Wengine walikuwa wanatania, najua. Nilimwambia arudi asome Oktoba 16, 2021, aangalie picha za wale waliokaa mbele ya ikulu. Walikuwa watu wa kawaida waliochoshwa na foleni, na wenye mabango.

Akauliza tena, na kwa sasa Sudan kumebaki nini cha kiraia? Zile kamati za mitaa zilizopanga maandamano ya 2019 hazikufa zote. Vita vilipoanza, wanachama wake wengi waligeuka kuwa vituo vya dharura vya mtaani: wanapika chakula cha pamoja, wanatafuta dawa, wanatoa watu kwenye mapigano. Hawana bunduki, wala hawana kiti kwenye meza ya mazungumzo. Pande zote mbili zimewakamata na kuwaua baadhi yao. Bado wanapika.